Kiwanja cha Mpira au Kiwanja cha Nyumba? Maana ya Viwanja vya Michezo kwa Jamii za Kilifi na Malindi

Utangulizi

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Methali hii hutumiwa aghalabu kumhimiza mtu athamini nyumbani kwao na watu wake. Hata hivyo, ni nadra kwetu sisi wanafunzi wa Kiswahili kuzingatia sharti lililofichika ndani yake: ili mtu acheze kwao, sharti huko kwao kuwe na mahali pa kuchezea. Pasipo uwanja hapana mchezo, hapana mtazamaji, na hapana wa kutoa tuzo.

Makala haya yanakusudia kueleza maana ya viwanja vya michezo kwa jamii zinazoishi katika mwambao wa Kilifi na Malindi, nchini Kenya. Tutaanza kwa kulichunguza neno lenyewe, kisha tutatazama nafasi ya uwanja katika jamii hizi kabla na baada ya kuingia kwa mpira wa miguu. Baadaye tutaeleza kazi mbalimbali zinazotekelezwa na uwanja, nafasi ya msichana ndani yake, na hatimaye suala la ardhi, ambalo kwa maoni yetu ndilo kiini cha mambo yote. Dai letu ni kwamba uwanja ni asasi ya jamii kabla haujawa jengo, na kwamba tishio kubwa linaloukabili katika eneo hili si ukosefu wa majukwaa ya saruji bali ni udhaifu wa haki ya jamii juu ya ardhi yenyewe.

Neno na Dhana

Neno uwanja lina udugu wa karibu na neno kiwanja. Mzizi ni mmoja. Kinachotofautiana ni kiambishi awali. Lakini tofauti hiyo ndogo ya kimofolojia imebeba historia ndefu ya matumizi. Uwanja ni eneo la wazi, pana, lililotengwa kwa shughuli fulani: uwanja wa mpira, uwanja wa ndege, uwanja wa vita. Wingi wake mmoja, yaani nyanja, siku hizi umehamia katika taaluma, tukasema nyanja za elimu au nyanja za fasihi, ilhali tunapotaja viwanja halisi vya kukanyagwa kwa miguu tunatumia wingi wa kiwanja.

Nalo neno kiwanja lina maana mbili ambazo, kwa mtazamo wa kwanza, hazigombani. Ni eneo la kuchezea, na pia ni kipande cha ardhi kilichopimwa kwa ajili ya kujenga nyumba. Mtu akisema, "Nimepata kiwanja Malindi," hakuna atakayedhani kwamba amepata mahali pa kupigia mpira. Watoto wakisema, "Twendeni kiwanjani," hakuna atakayedhani kwamba wanakwenda kuchimba msingi wa nyumba. Muktadha hutenganisha maana hizo mbili katika mazungumzo. Katika ardhi, hata hivyo, hakuna muktadha wa kuzitenganisha. Mahali pale pale panapoitwa kiwanja na vijana panaweza kuitwa kiwanja na dalali, na kila mmoja akawa amesema Kiswahili fasaha. Mgogoro tutakaouzungumzia hapa chini umo tayari ndani ya neno lenyewe.

Msamiati wa michezo umejaa maneno yaliyohama kutoka katika maisha ya kila siku. Ulingo, ambao leo ni mahali pa ndondi na pa siasa, ulikuwa na ungali ni jukwaa la miti linalosimamishwa shambani ili mlinzi aketi juu yake kufukuza ndege na wanyama waharibifu. Lango la mpira ni lango lile lile la boma na la mji. Anayelilinda huitwa mlinda lango, jina ambalo lingemfaa pia askari wa zamani. Maneno haya yanatudokezea kwamba Mswahili alipoupokea mchezo wa kigeni aliupa samani za nyumbani kwake, na hakuuacha ukae mgeni.

Uwanja Kabla ya Mpira

Jamii za mwambao huu hazikufundishwa na Wazungu namna ya kukusanyika mahali pa wazi. Katika makaya ya Wamijikenda, ambayo misitu yake iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008, palikuwapo mahali pa baraza katikati ya kaya palipoitwa moro. Hapo wazee wa kambi walikutana kuamua mashauri. Njia nyembamba zilipita msituni, zikavuka malango, zikamfikisha mtu katika uwazi wa katikati. Msitu ulizunguka, na watu wakawa ndani.

Kwa upande wa Waswahili wa mijini, nyumba za mawe za Gede, mji uliotangazwa kuwa hifadhi ya kihistoria mwaka 1927 na kuingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2024, zilijengwa zikiwa na nyua za wazi zilizochimbwa chini kidogo ya usawa wa vyumba. Nje ya nyumba, miji ya pwani ilikuwa na nafasi za ngoma, za maulidi na za kirumbizi, ule mchezo wa fimbo unaochezwa katika sherehe. Kwa hiyo uwazi ulipangwa kama vile kuta zilivyopangwa.

Mfano unaoonyesha uzito wa mahali pa kukutania ni ule wa Mekatilili wa Menza. Mwaka 1913 mama huyu aliwahamasisha Wagiriama kupinga amri za serikali ya kikoloni, hasa ile ya kutoa vijana kwenda kufanya kazi za vibarua. Alitumia ngoma ya kifudu kuwavuta watu, na mikutano mikubwa ikafanyika Kaya Fungo ambako viapo vililiwa. Waingereza walimkamata na kumhamishia mbali, lakini hawakuridhika na kumwondoa mtu peke yake. Agosti 1914 walikilipua kiini cha kaya kwa baruti. Tendo hilo linatufundisha jambo: mtawala alifahamu kwamba ukitaka kuivunja nguvu ya jamii, hutoshi kumnyamazisha msemaji, huna budi kuviharibu vilevile viwanja vya kusemea.

Hali kadhalika, ushindani wa makundi ulikuwapo kabla ya mpira kuota mizizi. Lamu ilikuwa na pande mbili, Mkomani na Langoni. Mombasa ilikuwa na Taifa Tatu na Taifa Tisa. Ngoma ya beni, iliyoibuka katika miji ya mwambao wa Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ilichezwa na vyama vilivyoshindana kwa mavazi, kwa nyimbo na kwa ukarimu. Mombasa kulikuwa na Kingi na Scotchi. Mtafiti Terence Ranger, katika kitabu chake kuhusu beni kilichochapishwa mwaka 1975, alionyesha jinsi vyama hivyo vilivyosambaa Afrika Mashariki nzima. Mpira ulipokuja ulikuta watu waliokwisha kuzoea kuwa na upande wao, rangi zao na watani wao. Kilichobadilika ni kwamba ngozi ya ngoma iliachia nafasi ngozi ya mpira.

Mpira Wapata Uwanja

Mpira wa miguu uliingia pwani ya Afrika Mashariki kwa njia ya shule za misheni, mabaharia, askari na maafisa wa kikoloni. Huko Unguja, eneo la Mnazi Mmoja, lililokuwa baina ya Mji Mkongwe na Ng'ambo, likawa viwanja vya mpira ambapo watu wa pande zote mbili walikutana. Serikali iliyataka maeneo ya namna hiyo yawe ya kutenganisha watu. Watu wenyewe wakayafanya ya kukutania. Mwaka 1926 Kenya na Uganda zilianza kushindania Kombe la Gossage. Tanganyika ikajiunga mwaka 1945 na Zanzibar mwaka 1949. Kombe hilo ndilo mzazi wa mashindano ya CECAFA ya leo.

Katika mwambao wa Kilifi mchezo huu ulikita katika nyua za shule, katika makambi ya wafanyakazi wa mashamba, na katika maeneo ya wazi ya mitaa. Mjini Kilifi upo uwanja wa Karisa Maitha, na mjini Malindi upo uwanja wa Alaskan. Vyote viwili vinajulikana kwa mpira na kwa mikutano ya hadhara vilevile. Lakini zaidi ya hivyo viwili viko vingi visivyo na jina katika ramani yoyote: kando ya zahanati, nyuma ya msikiti, chini ya mikorosho, au ufuoni.

Uwanja wa ufuoni unastahili kutajwa peke yake. Maji yakipwa, mchanga mgumu uliolowa hubaki wazi, na vijana huchomeka vijiti viwili kila upande. Maji yakijaa, mchezo umekwisha, hata kama timu moja ilikuwa inakaribia kusawazisha. Mwamuzi wa mwisho ni bahari. Uwanja huo hauna hati, hauna kamati na hauhitaji kufagiliwa, kwa kuwa hufutwa na kuumbwa upya kila siku. Hata hivyo, nao una udhaifu wake: ili uufikie, lazima kuwe na njia ya kupita baina ya viwanja vya hoteli na nyumba za kifahari. Njia ikizibwa, bahari inabaki pale pale, ila mchezaji ndiye asiyefika.

Kazi za Uwanja katika Jamii

Kazi ya kwanza ya uwanja ni kupanga wakati. Katika mwambao wenye joto kali, mpira huchezwa baada ya alasiri na hukoma magharibi inapokaribia. Muda huo mfupi huwakusanya waliotoka shule, waliotoka baharini, wenye bodaboda waliopumzika na wazee waliomaliza bao lao. Mtu asiyeonekana uwanjani kwa siku mbili tatu huulizwa hali yake. Kwa namna hii uwanja hutenda kazi ya kujuliana hali ambayo zamani ilitendwa na baraza za milangoni.

Kazi ya pili ni ya kiuchumi, ingawa ni uchumi wa sarafu ndogo ndogo. Palipo na mechi hapakosi mwenye karanga, mwenye mabuyu, mwenye madafu na mwenye viazi vya karai. Hawa hawalipi kodi ya duka. Mtaji wao ni sufuria, jiko na umati. Uwanja ukihamishwa maili tano nje ya mji, mchezaji anaweza kutafutiwa gari, lakini mama wa viazi hatafutiwi.

Kazi ya tatu ni ya ibada na ya maombolezo. Kuswali Idd mahali pa wazi ni Sunna, na katika miji mingi ya pwani uwanja ule ule uliochezewa jumamosi hutandikwa mikeka asubuhi ya sikukuu. Makanisa nayo hufanya mikutano yao ya injili hapo. Akifariki mtu mashuhuri ambaye ua wa nyumba yake hauwezi kuwatosha waombolezaji, watu huelekea uwanjani. Ni mahali pachache sana katika mji ambapo dini mbili hupokezana eneo moja bila ya mkataba wala kuombana radhi.

Kazi ya nne ni ya kisiasa. Mkutano wa hadhara hauna maana bila ya mahali ambapo hadhara itaenea. Wanasiasa wa taifa wanapofika Kilifi au Malindi huhutubia viwanjani, na mwananchi hupima nguvu zao kwa kutazama umati umefika wapi: umekomea mlingotini au umevuka hadi barabarani. Nalo jina la uwanja ni kumbukumbu ya kisiasa. Emmanuel Karisa Maitha alikuwa mbunge wa Kisauni na waziri katika serikali ya Rais Mwai Kibaki hadi alipofariki Agosti 2004 akiwa safarini Ujerumani. Kijana aliyezaliwa baada ya mwaka huo hakumwona katu, lakini hulitamka jina lake kila anapomwambia mwenzake wakutane uwanjani. Tanzania ilifanya vivyo hivyo mwaka 2020 ilipoupa uwanja mkuu wa taifa jijini Dar es Salaam jina la Benjamin Mkapa, muda mfupi baada ya kifo cha rais huyo mstaafu.

Kazi ya tano inatuhusu sisi moja kwa moja, nayo ni ya kilugha. Uwanjani katika eneo hili husikika Kigiriama, Kichonyi, Kikauma, Kibajuni, Kiswahili cha mji na Kiswahili cha bara, vyote katika dakika tisini. Mchezaji hupewa lakabu, mwamuzi hupewa mafumbo, na timu ya mtaa wa pili hupewa vijembe ambavyo havingevumiliwa mahali pengine. Utani huo una kanuni zake: huisha filimbi ya mwisho inapolia. Isitoshe, uwanja ulikuza utanzu mzima wa masimulizi, yaani utangazaji wa mpira redioni. Marehemu Leonard Mambo Mbotela, mzaliwa wa Freretown, Mombasa, aliyefariki Februari 2025, aliwafanya wasikilizaji waone kwa masikio. Kwa watu wa vijijini ambao hawakupata kuingia katika uwanja wa Nyayo, uliofunguliwa mwaka 1983, au Kasarani, uliojengwa kwa Michezo ya Afrika ya mwaka 1987, viwanja hivyo vilijengwa kwa Kiswahili kabla ya kuonekana kwa macho.

Uwanja na Msichana

Tungekuwa tumesema nusu ya kweli lau tungeishia hapo, kwa sababu umati tuliouelezea kwa muda mrefu ulikuwa umati wa wanaume. Msichana alipita kando ya uwanja akiwa na ndoo ya maji. Alasiri, saa ambayo kaka yake alikuwa uwanjani, ndiyo saa ya kuteka maji, kutafuta kuni na kuandaa chakula cha usiku. Aidha, wapo waliosema kwamba mpira unamharibia msichana staha.

Mwaka 2001 lilianzishwa mjini Kilifi shirika la Moving the Goalposts, lifahamikalo zaidi kama MTG, ili kuwapa wasichana nafasi ya kucheza. Jina lenyewe lina maana ya kuhamisha milingoti ya goli. Katika mpira, mwenye kuhamisha milingoti wakati wa mchezo ni mdanganyifu. Hapa jina limegeuzwa likawa dai la haki, kwamba milingoti iliposimikwa mwanzoni haikumfikiria msichana. Shirika hilo liliandaa ligi za wasichana na kuwafunza kuwa makocha na waamuzi wa michezo yao wenyewe, likaunganisha mchezo na elimu ya afya na ya haki zao. Sarah Forde, aliyehusika na kuanzishwa kwake, alichapisha kitabu mwaka 2008 kuhusu maisha ya wasichana wa pwani na mpira.

Kwa nini jambo hili ni kubwa? Kwanza, msichana anayecheza uwanjani anaonekana hadharani akiwa na sababu yake mwenyewe ya kuwa pale. Hakutumwa na mtu. Pili, anayepuliza filimbi akiwa na umri wa miaka kumi na sita amejifunza kutoa uamuzi mbele ya watu wanaopinga, na kusimama nao. Hilo ni somo ambalo darasa huliahidi na mara nyingi hushindwa kulitoa. Tatu, suala la staha lilipatiwa ufumbuzi pasi na mtu kulazimishwa kuchagua baina ya dini na mchezo. Mwezi Machi 2014 chombo kinachotunga sheria za mpira duniani kiliruhusu rasmi wachezaji kufunika vichwa.

Hata hivyo, haki ya msichana ni dhaifu kuliko ya kaka yake pale uwanja unapokuwa mmoja. Timu tatu zikigombania eneo moja alasiri moja, inayopewa saa ya jua kali, au isiyopewa saa yoyote, ni ya wasichana. Kadiri viwanja vinavyopungua ndivyo wa mwisho kuingia wanavyokuwa wa kwanza kutolewa. Wapiganapo tembo nyasi huumia. Na hapa hata nyasi zenyewe ni chache.

Ekari Mbili Zina Thamani Gani?

Tuje sasa kwenye hesabu. Uwanja kamili wa mpira wenye urefu wa mita 105 na upana wa mita 68 una eneo la mita za mraba 7,140. Ukiongeza ukingo wa kusimama watazamaji, unafikia takriban ekari 2. Katika miji yetu kiwanja cha kawaida cha nyumba hupimwa futi 50 kwa 100. Ekari 2 zikikatwa kwa kipimo hicho, hata baada ya kuacha nafasi ya barabara, hutoa viwanja 15 hivi vya kuuzwa. Kwa hiyo kila alasiri vijana ishirini na wawili wanapofukuzana na mpira, wanakanyaga nyumba kumi na tano ambazo hazijajengwa. Mwenye jicho la biashara huziona.

Udhaifu wa uwanja mbele ya jicho hilo una sababu kadhaa. Kwanza, uwanja huonekana mtupu. Hauna ukuta, hauna paa, na kutwa nzima hauna watu. Sifa inayoufanya uwe uwanja ndiyo inayomfanya mgeni aseme kwamba ardhi hii haina kazi. Pili, wanaoutumia sana ni vijana, ambao hawana hati wala sauti katika vikao vya ardhi. Tatu, viwanja vingi vilitokana na makubaliano ya mdomo: mwenye shamba aliruhusu, mzee wa mtaa akaafiki, na miaka arobaini ikapita. Mwenye shamba akifariki, warithi hurithi ardhi bila ya kurithi neno.

Sababu ya nne ni ya kihistoria na inaihusu pwani mahsusi. Sheria ya Hatimiliki ya Ardhi ya mwaka 1908 iliwezesha watu binafsi kudai na kusajiliwa umiliki wa ardhi katika ukanda wa pwani. Wengi wa Wamijikenda, ambao matumizi yao ya ardhi hayakuwa ya hati, walijikuta wakihesabiwa maskwota katika ardhi waliyozaliwa. Mahali ambapo hata makaazi ya watu hayana hati, ni nani atakayeuliza hati ya uwanja wa mpira?

Tatizo hili halikuishia pwani. Tume ya kuchunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma nchini Kenya, iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u na kutoa ripoti yake mwaka 2004, ilieleza jinsi ardhi iliyotengwa kwa matumizi ya umma, vikiwamo viwanja vya michezo, ilivyogawiwa watu binafsi. Katiba ya mwaka 2010 ikaja na dawa yake. Kifungu cha 62 kinafafanua ardhi ya umma, na kifungu cha 63 ardhi ya jamii. Jedwali la Nne linazikabidhi serikali za kaunti jukumu la michezo na utamaduni pamoja na vifaa vyake. Kaunti ya Kilifi, iliyoziunganisha wilaya za Kilifi na Malindi na kuanza kazi mwaka 2013, ilikuwa na watu 1,453,787 katika sensa ya mwaka 2019. Kwa hivyo mwenye dhamana anajulikana. Lakini dhamana hiyo hulinda kile kilichopimwa na kuandikwa. Kiwanja ambacho hakimo katika ramani ya mpimaji, hata kingekuwa katika moyo wa kila mkaazi, hakimo.

Jukwaa au Hati?

Yapo mawazo yanayopingana na haya, nayo yanastahili kusikilizwa. Baadhi ya wapenzi wa michezo husema kwamba pwani haihitaji viwanja vya vumbi bali stediamu za kisasa. Hoja yao ina uzito. Mwezi Septemba 2017 Kenya ilipokonywa nafasi ya kuandaa mashindano ya CHAN ya 2018 kwa sababu ya kutokuwa tayari, viwanja vikiwa sababu kuu. Mashindano hayo yalipofika hatimaye mwezi Agosti 2025, kwa ushirikiano wa Kenya, Tanzania na Uganda, mechi zote za Kenya zilichezwa Nairobi, katika viwanja vya Kasarani na Nyayo. Mwambao mzima wa Kenya haukuwa na lango moja lililokidhi haja. Mombasa ilipoandaa Siku ya Mashujaa mwaka 2019, sherehe zilifanyika katika bustani ya Mama Ngina kando ya bahari. Kwale ilipoandaa sikukuu hiyo mwaka 2024, ilitayarishiwa uwanja. Kijana wa Ganze au Magarini mwenye kipaji hana budi kukipeleka mbali ili kionekane.

Hoja hiyo tunaikubali, lakini tunaongeza maswali mawili. La kwanza: stediamu itatumiwa na nani siku ambayo hakuna sherehe? Ukuta una faida. Huzuia mvamizi na huwezesha kiingilio kinacholipia matengenezo. Lakini ukuta huo huo una mlango, na mlango una kufuli, na kufuli lina mwenye ufunguo. Uwanja uliokuwa wa wote kila alasiri unaweza kugeuka kuwa wa wachache mara nne kwa mwaka. Ikiwa stediamu inajengwa juu ya kiwanja kilichokuwa kikichezewa, basi ratiba ya timu za mtaa, za wasichana zikiwamo, haina budi kuandikwa kabla ya ukuta kuinuliwa.

Swali la pili ni la utaratibu. Jukwaa laweza kujengwa mwaka wowote ambao fedha zitapatikana. Ardhi iliyokwisha kujengwa nyumba kumi na tano haiwezi kurudi kuwa uwanja. Kwa hiyo mpangilio wa busara ni huu: kwanza upimaji na hati kwa jina la umma au la jamii, pili kamati ya watumiaji yenye ratiba, tatu maji na vyoo, ambavyo huamua kama msichana na mtazamaji mwenye umri watakuja, na hapo ndipo jukwaa lifuate. Mwenye kuanza na jukwaa amejenga paa kabla ya nyumba.

Hitimisho

Tumeona kwamba uwanja katika mwambao wa Kilifi na Malindi ni mrithi wa moro na wa nafasi za ngoma. Kwamba hupanga wakati, huwalisha wachuuzi, huwapokea waumini na wanasiasa, na huikuza lugha. Kwamba kwa msichana ni mahali pa kuonekana bila ya kutumwa. Na kwamba vyote hivyo vimesimama juu ya ekari mbili ambazo mara nyingi hazina karatasi.

Wanafunzi wa Kiswahili wanaweza kufanya nini? Hatupimi ardhi wala hatutoi hati. Lakini tuna taaluma ya kukusanya maneno. Kila kiwanja cha mtaa kina jina, na kila jina lina kisa: aliyeruhusu, mwaka uliopandwa mwembe wa pembeni, mechi iliyovunjika, mzee aliyekuwa akitunza milingoti ya boriti. Wazee wanaovijua visa hivyo wako hai Mambrui, Takaungu, Mnarani, Gongoni na Kaloleni, na Chuo Kikuu cha Pwani kiko palepale Kilifi. Utafiti wa majina ya viwanja, wenye kutaja mahali, mipaka na majira ya matumizi, ungekuwa tasnifu nzuri ya isimu. Vilevile ungekuwa ushahidi siku ambayo mtu atakuja na ramani na kusema kwamba hapa hapakuwa na kitu.

Neno kiwanja litaendelea kuwa na maana zake mbili, na hakuna kamusi inayoweza kuifuta mojawapo. Kazi iliyobaki ni kuhakikisha kwamba mtoto wa Malindi atakapoambiwa, miaka ishirini ijayo, kwamba kiwanja ni mahali pa kuchezea, hatalazimika kupewa mfano wa mji mwingine.